Pentekoste haikuanzia orofani

Mhariri,

Kila mwaka Pentekoste ikikaribia, wimbo ni ule ule redioni, kwenye mabango ya mikutano na katika mahubiri mengi hapa Mombasa: hii ni siku ya kuzaliwa kwa Kanisa. Si neno baya. Lakini likiachwa peke yake, msikilizaji atadhani siku hiyo haikuwako hadi mitume walipokusanyika orofani Yerusalemu, na kwamba hata jina lake lilitungwa kwa ajili yao. Wapo pia ambao Pentekoste kwao ni dhehebu tu, la vipaza sauti na mikesha. Katika mji ambao kanisa kuu la Wakatoliki, pale barabara ya Nkrumah, linaitwa kwa jina la Roho Mtakatifu, ingetarajiwa tuijue siku hii zaidi ya hapo.

Luka anaifungua habari yake katika Matendo 2 kwa kusema siku ya Pentekoste "ilipotimia". Ndivyo Biblia ya Union ilivyoliweka neno hilo, na limekaa mahali pake. Kinachotimia ni kile kilichokuwa kikihesabiwa: mimba hutimia, arubaini ya marehemu hutimia. Waliokuwa pamoja asubuhi ile, sawa na Wayahudi wenzao wote mjini, walikuwa wamekwisha kuhesabu siku arubaini na tisa, na hiyo ilikuwa ya hamsini. Jina la Kigiriki halina maana nyingine: Pentekoste ni "ya hamsini". Anayetaka ushahidi kwamba jina ni la zamani afungue Tobiti 2:1 katika Biblia ya Kikatoliki, au 2 Wamakabayo 12:32. Vitabu hivyo viliandikwa kabla ya Kristo, na vinaitaja Pentekoste kama sikukuu ambayo msomaji anaijua tayari. Tobiti anaongeza kwamba ndiyo sikukuu ya majuma.

Kwa Kiebrania majuma ni Shavuot, na hapa Mswahili hana kazi kubwa ya kukariri. Juma ni shavua, kutokana na sheva, yaani saba; "saba" yetu tuliipata kwa Waarabu, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiebrania. Hamishim ni hamsini. Na hag, neno la Torati kwa sikukuu ya kusafiri kwenda mahali patakatifu, lina shina moja na haji. Torati iliamuru safari tatu kwa mwaka: Mikate Isiyotiwa Chachu, Majuma na Vibanda. Kwa hiyo anaposhangaa mtu kwamba Waparthi, Wamedi, watu wa Misri, wa Libya, wa Rumi na Waarabu walikuwa mjini asubuhi moja, jirani yake Mwislamu hatashangaa hata kidogo. Walikuwa mahujaji.

Hesabu yenyewe ilianzia shambani. Katika nchi ile shayiri hukomaa kwanza, kati ya Machi na Aprili. Ngano hufuata majuma kadhaa baadaye, Mei kuingia Juni. Mambo ya Walawi 23 inaamuru mganda wa kwanza wa mavuno upelekwe kwa kuhani autikise mbele za Mungu, na kabla ya siku hiyo mtu asile mkate, wala bisi, wala masuke mabichi ya mavuno mapya. Kutoka siku ya mganda zihesabiwe Sabato saba kamili, na kesho yake, siku ya hamsini, itolewe sadaka ya unga mpya. Basi hesabu ni daraja kati ya mavuno mawili, la shayiri na la ngano. Asiyejua hili huuona umbali kati ya Pasaka na Pentekoste kama nafasi tupu tu kwenye kalenda.

Mishna, mkusanyiko wa mapokeo ya marabi ulioandikwa yapata mwaka 200, imehifadhi jinsi mganda ulivyokatwa. Mkesha wa sikukuu ya Pasaka, wajumbe wa baraza walikwenda shambani wakaifunga shayiri mafungu mafungu ikiwa bado imesimama, ili iwe rahisi kukatwa. Watu wa miji ya jirani walikusanyika kutazama. Siku ya kwanza ya sikukuu ikiisha na giza likiingia, mkataji huuliza: Jua limezama? Wote: Ndiyo. Mundu huu? Ndiyo. Kapu hili? Ndiyo. Nikate? Kata. Kila swali mara tatu. Shayiri ikapelekwa Hekaluni, ikakaangwa motoni, ikasagwa, ikachekechwa kwa chekeche kumi na tatu, moja baada ya nyingine, hata kutoka efa nzima, kama lita 22, ikabaki sehemu moja ya kumi. Sehemu hiyo ya kumi ndiyo omeri, kipimo ambacho Biblia ya Union katika Kutoka 16 imekiita pishi. Ni lita mbili na kidogo, karibu gorogoro moja ya Kongowea. Kwa sababu hiyo Wayahudi hadi leo huziita siku hizo hamsini kasoro moja "hesabu ya omeri".

Kwa nini kelele zote zile shambani? Kwa sababu kulikuwa na ugomvi, na ugomvi huo unamhusu Mkristo. Torati inasema hesabu ianze siku inayofuata Sabato, bila kusema Sabato ipi. Mafarisayo walisema ni siku ya kwanza ya sikukuu yenyewe, tarehe 15 ya mwezi wa Nisani, ambayo watu hupumzika kama Sabato. Basi mganda ni tarehe 16, siku yoyote ya juma itakayoangukia. Wapinzani wao katika ukoo wa makuhani, na Masadukayo huhesabiwa upande huo, walisema Sabato ni Sabato, Jumamosi; basi mganda ni Jumapili daima, na siku ya hamsini nayo ni Jumapili daima. Maswali ya hadharani yalikuwa ya kuwaonyesha wapinzani kwamba mundu unapita usiku ule ule Mafarisayo walioutaja. Mafarisayo ndio walioshinda, na kalenda ya Kiyahudi ya leo ni yao. Wasamaria na Wakaraiti, yaani Wayahudi wasiofuata mapokeo ya marabi, wangali wanahesabu kutoka Jumapili.

Wakristo nao, bila kuketi kwenye baraza lile, tuliishia na hesabu ya Jumapili hadi Jumapili, kwa sababu ya ufufuko. Na hapa pana jambo ambalo wahubiri wetu hulipita mbio. Ukifuata Injili ya Yohana, Yesu alikufa Ijumaa tarehe 14 Nisani. Jumamosi ilikuwa tarehe 15, sikukuu na Sabato kwa pamoja. Jumapili ilikuwa tarehe 16. Mwaka huo kambi zote mbili zingekata mganda usiku mmoja na kuutikisa asubuhi moja. Injili nyingine tatu zinaiweka karamu ya mwisho kama mlo wa Pasaka, na hapo tarehe husogea kwa siku moja. Lakini Paulo, Mfarisayo aliyejua mganda ni nini, anaandika katika 1 Wakorintho 15 kwamba Kristo amefufuka, limbuko lao waliolala. Kwa mkulima limbuko ni suke la kwanza, na kuonekana kwake ni dalili kwamba shamba zima liko nyuma. Mswahili anayelimbuka embe la kwanza la msimu anaielewa hoja ya Paulo bila mfasiri.

Sasa makosa ya hesabu, maana ni mengi. La kwanza ni lile la "siku hamsini baada ya Pasaka". Chukua 2026. Pasaka ya makanisa ya Magharibi ni Jumapili tarehe 5 Aprili. Ukijumlisha hamsini unaangukia Jumatatu tarehe 25 Mei, na Pentekoste haijawahi kuwa Jumatatu. Siku ya Pasaka yenyewe ndiyo ya kwanza. Unajumlisha 49, unapata Jumapili tarehe 24 Mei. Kupaa kwa Bwana, siku ya arubaini, kunahesabiwa vivyo hivyo: jumlisha 39, ni Alhamisi tarehe 14 Mei.

La pili limetegwa na lugha yetu wenyewe. Injili zinasema ufufuko ulikuwa "siku ya kwanza ya juma". Kwa majina ya Kiswahili siku ya kwanza ni Jumamosi: mosi, pili, tatu, tunahesabu kutoka Ijumaa. Kwa Wayahudi hesabu inatoka Sabato, na Sabato ni Jumamosi yetu, siku yao ya saba. Siku yao ya kwanza ni Jumapili. Mtoto wa mafundisho akiuliza mbona Jumapili ina "pili" ndani yake na bado inaitwa ya kwanza, ameuliza swali zuri sana, na asinyamazishwe.

La tatu, siku ya Kiyahudi huanza jua likizama. Hapa Pwani si jambo geni. Mtu akisema "usiku wa Ijumaa" wazee wetu wanajua ni Alhamisi baada ya magharibi. Kwa hiyo Shavuot ikiandikwa tarehe 22 Mei 2026, imeanza jioni ya tarehe 21. Na saa pia ni zetu: Petro anapojibu kwamba watu hawa hawakulewa kwa kuwa ni saa tatu ya mchana, Mwingereza lazima apige hesabu apate saa aliyoizoea. Sisi tunasoma tu.

La nne, watu hudhani Pentekoste na Shavuot huangukia siku moja. Hukaribiana miaka mingine, kama 2026 ambapo zimepishana siku mbili tu. Mwaka 2024 Pentekoste ilikuwa tarehe 19 Mei na Shavuot tarehe 12 Juni, majuma matatu na zaidi. Sababu ni kalenda. Miezi ya Wayahudi inafuata mwezi mwandamo kama ya Waislamu, lakini Torati inataka Pasaka ibaki majira ya shayiri, kwa hiyo huongeza mwezi wa kumi na tatu mara saba katika kila miaka 19. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote na Pasaka ya Kiyahudi haizunguki. 2024 ulikuwa mmoja wa miaka yenye mwezi wa nyongeza, ilhali kanisa linatafuta Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi, na mwaka ule ulikuja mapema, Machi 25. Waorthodoksi, ambao hutumia kanuni ya zamani, wana Pentekoste tarehe 31 Mei mwaka 2026.

Jambo moja zaidi kuhusu tarehe. Pasaka na Vibanda vimepewa tarehe katika Torati, Majuma haikupewa. Ina hesabu tu. Zamani, mwezi ulipotangazwa kwa mashahidi walioukodolea macho (nani Mombasa asiyejua habari za kuandama kwa mwezi?), siku ya hamsini iliweza kuwa tarehe 5, 6 au 7 ya mwezi wa Siwani, kwa vile miezi iliyotangulia ilikuwa na siku 29 au 30. Leo kalenda imefungwa, Nisani siku 30 na ule unaofuata 29, ikawa tarehe 6 kila mwaka. Nje ya Israeli wengi huadhimisha siku mbili.

Tuje kwenye mkate, maana ndiko vikundi vinavyopenda "mizizi ya Kiebrania" hukosea zaidi. Wamenunua au wameoka mikate bapa isiyo na hamira, wameiweka mezani siku ya Pentekoste, wakidhani kila kilicho cha Kiyahudi hakina chachu. Ni kinyume kabisa. Mikate isiyochachwa ni ya Pasaka. Siku ya hamsini Walawi 23:17 inadai mikate miwili ya ngano mpya, iliyotiwa chachu. Hiyo ni ajabu kubwa katika sheria ya Hekalu, kwa sababu Walawi 2 inakataza chachu katika sadaka ya unga inayochomwa. Suluhisho ni kwamba mikate hii haikupanda madhabahuni: ilitikiswa pamoja na wana-kondoo wawili, kisha ikaliwa na makuhani.

Vipimo vyake vinajulikana. Unga ni sehemu mbili za kumi za efa, yaani pishi moja kwa kila mkate. Kwa mizani ya duka letu, mikate yote miwili ni kilo mbili na nusu hivi za unga. Ngano ilichekechwa kwa chekeche kumi na mbili, moja pungufu ya zile za shayiri. Kila mkate ulikandwa peke yake na kuokwa peke yake. Haukupimwa kwa shubiri bali kwa upana wa kiganja: viganja saba kwa vinne, yaani karibu sentimita 56 kwa 32, ukiwa na pembe za vidole vinne. Mkate wa kutosha kulijaza sinia. Hamira ya paketi haikuwako; walitumia kinyunya kilicholala kikachacha. Anayetaka kuwaonyesha watoto wa kanisa mkate wa Pentekoste aoke huo, wa ngano, ulioumuka, na uwe miwili. Asiweke bapa. Wala asipige baragumu na kuandaa meza ya Pasaka siku hiyo hiyo. Hizo ni sikukuu nyingine.

Kwa nini miwili, na kwa nini chachu, Torati haielezi. Wakristo wengi hupenda kusema mmoja ni Wayahudi na mwingine mataifa. Ni tafakuri nzuri, lakini ihubiriwe kama tafakuri.

Siku ya mikate miwili ilifungua pia mlango wa malimbuko ya watu binafsi, na hapa, Mhariri, kuna jambo linalogusa mifuko ya wasomaji wako. Imekuwa desturi kwa makanisa kadhaa nchini kuwataka waumini kila Januari watoe mshahara wote wa mwezi wa kwanza kwa jina la malimbuko, na andiko linalosomwa ni Kumbukumbu la Torati 26. Kanisa lina haki ya kuomba sadaka. Lakini andiko hilo lisibebeshwe lisilolisema.

Wakati: Mishna inaweka malimbuko yenye ungamo, yaani maneno ambayo mtoaji huyasema mbele za Mungu, kati ya Majuma na Vibanda, yaani kuanzia mavuno ya ngano hadi mwisho wa matunda. Januari haimo. Kitu: mazao saba ya nchi ile, ngano, shayiri, zabibu, tini, komamanga, zeituni na tende. Ujira wa kibarua haumo. Kiasi: Mishna inasema wazi kwamba malimbuko ni miongoni mwa mambo yasiyo na kipimo katika Torati. Marabi wa baadaye walipendekeza moja ya sitini. Hakuna aliyesema yote. Mtoaji: ni mwenye ardhi yake. Mpangaji, mlimaji wa nusu kwa nusu na mnyang'anyi wa shamba hawakuleta, kwa sababu amri inataja malimbuko ya "ardhi yako". Ukilipeleka sharti hilo kwa maskwota wa Pwani utaona ni wangapi ambao Torati ingewaambia: wewe nenda nyumbani, hudaiwi.

Na namna yake ilikuwa ya upole. Mtu alishuka shambani, akaona tini moja imetangulia kuiva, akaifunga kwa jani la unyasi akasema: hii ni limbuko. Basi. Siku ya safari watu wa wilaya walikusanyika mji mmoja, wakalala uwanjani, alfajiri wakaondoka na ng'ombe aliyevishwa taji la mzeituni, filimbi mbele, na mafundi wa Yerusalemu wakasimama kuwaamkia. Tajiri alileta kwa kapu la fedha au dhahabu. Maskini kwa kikapu cha fito zilizoambuliwa maganda. Kila mmoja alisoma ungamo lake la Mwarami aliyekuwa karibu na kupotea akashuka Misri. Hapo mwanzo aliyejua alisoma mwenyewe, na asiyejua alisomewa akafuatisha. Wasiojua wakaona haya, wakaacha kuja. Wakuu wakaamua kwamba wote wasomewe, anayejua na asiyejua. Kumbukumbu 26:11 inamalizia kwa kumtaka mtoaji afurahie vyote alivyopewa, yeye na Mlawi na mgeni aliye kwake. Ukiona malimbuko yanayomwacha mtoaji akikopa nauli ya matatu hadi Februari, jua sikukuu imekosea njia.

Mstari unaofuata mara tu baada ya amri ya mikate miwili, Walawi 23:22, ni amri ya kutovuna pembe za shamba, ziachwe kwa maskini na mgeni. Hauko pale kwa bahati mbaya. Katika sinagogi siku ya Shavuot husomwa kitabu cha Ruthu, mwanamke Mmoabi aliyeokota masazo tangu mavuno ya shayiri hata ya ngano, majira yale yale ya hesabu. Siku ya kwanza aliokota efa moja ya shayiri. Rudi kwenye pishi: ni gorogoro kumi, mzigo wa mtu aliyeachiwa kwa makusudi.

Baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, mikate na malimbuko vilikoma. Shavuot ikabaki hasa siku ya kupewa Torati, kwa kuwa Kutoka 19 inasema Waisraeli walifika Sinai mwezi wa tatu. Huwa kuna anayedai kwamba maana hiyo ilibuniwa baada ya Hekalu. Sivyo, Kitabu cha Yubile, cha karne ya pili kabla ya Kristo, tayari kinaifunga sikukuu hii na agano, na 2 Mambo ya Nyakati 15 inamwonyesha mfalme Asa akiwaapisha watu Yerusalemu mwezi huo wa tatu. Leo wengi hukesha usiku kucha wakisoma, asubuhi husomwa Amri Kumi, na chakula ni cha maziwa na jibini. Sababu za jibini zinatolewa nyingi mno kiasi kwamba hakuna haja ya kuchagua.

Sinai ndiyo inayoeleza moto na uvumi wa upepo katika Matendo 2. Mlima ulifuka moshi kwa sababu Bwana alishuka juu yake katika moto. Philo wa Aleksandria, mwanafalsafa Myahudi aliyeishi wakati wa mitume, anaandika kwamba moto ule wa Sinai uligeuka kuwa maneno yaliyoeleweka. Marabi wanasema sauti iligawanyika katika lugha sabini, ila maandishi yao yenye habari hiyo ni ya baadaye kuliko Luka, kwa hiyo mhubiri asidai Luka alinakili kwao. Wanaopenda idadi hutaja pia watu wapata elfu tatu walioanguka baada ya ndama ya dhahabu, Kutoka 32:28, na nafsi wapata elfu tatu walioongezeka Matendo 2:41. Luka hasemi kwamba alikusudia hivyo, lakini aliyelelewa na Torati asingeweza kutoisikia.

Kanisa la zamani lilizielewa siku hizi zote hamsini kama sikukuu moja. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliagiza watu wasipige magoti katika Jumapili na siku za Pentekoste, wasali wamesimama. Kwa Kanisa la Kiroma, marekebisho ya kalenda ya 1969 yaliondoa oktava, yaani siku nane za kuiendeleza sikukuu, iliyokuwa ikifuata Pentekoste, ili siku ya hamsini iwe mwisho kweli. Katika misa ya mkesha wake masomo yaliyopangwa yanajumuisha Babeli ya Mwanzo 11 na Sinai ya Kutoka 19. Parokia inayosoma moja tu kwa kuogopa muda, na ni nyingi, mara nyingi huiacha Sinai. Ombi langu ni kwamba ndiyo isiachwe.

Na kwa anayetaka kuhesabu mwaka ujao, na watoto hupenda sana, njia ya Wayahudi ni nyepesi. Huhesabu usiku, nyota zikitoka, wamesimama. Kwanza baraka, kisha idadi ya siku na ya majuma pamoja: leo ni siku thelathini na tatu, ambazo ni majuma manne na siku tano katika omeri. Mkristo atasema "tangu ufufuko", akianzia Jumapili ya Pasaka kuwa siku ya kwanza. Kuna mtego mmoja ambao marabi waliutahadharisha. Mwenzako akikuuliza jioni kabla hujahesabu, "leo ni ya ngapi?", usimtajie, maana ukitaja umekwisha kuhesabu na baraka imekupita. Mwambie jana ilikuwa ya ngapi. Ukisahau usiku, hesabu mchana bila baraka, na usiku unaofuata endelea kama kawaida. Ukikosa siku nzima, usirudi mwanzo. Endelea na idadi pamoja na wenzako hadi arubaini na tisa, ila baraka waachie wao.

Mwalimu wa katekisimu,
Mikindani, Mombasa